Amethisti ya Kaka Yangu

Mtu akiingia karakana yangu akaniambia jiwe fulani limemponya, mimi hukunja uso. Wala sifichi. Nimekaa kwenye benchi hili la usonara miaka kumi na tisa, nimeng'arisha mawe, nimeyapachika kwenye pete na hereni, na sijaona hata moja likishusha homa. Hadithi zake nazijua zote, maana marehemu baba yetu alizisimulia akifanya kazi kama wengine wanavyofungulia redio. Akiki huzuia damu. Zumaridi hutuliza macho. Feruzi humlinda mpanda farasi asianguke, na mwenye nalo akiugua, lenyewe hupauka. Mteja akitaka kusimuliwa namsimulia, hadithi tamu haijawahi kuharibu biashara. Ila akiniuliza kama ni kweli, namjibu: jiwe ni jiwe, nenda hospitali.

Sasa sikiliza jinsi mdomo huu ulivyoniponza.

Kaka yangu ndiye mzaliwa wa kwanza, na benchi hili lilikuwa lake kabla halijawa langu. Pombe ndiyo iliyomtoa. Sonara mwenye mikono inayotetemeka ni hatari kwake na kwa mali za watu, kwa hiyo baba alimwondoa, akaniketisha mimi. Kaka akazidi kunywa. Alikunywa mpaka mimi na wifi, mke wake, tukawa tunaijua mitaro yote ya mtaa huu, upi una maji na upi mkavu. Asubuhi moja, miaka saba iliyopita, alikuja hapa akinuka, akaniomba msamaha kwa mara ya mia. Nikapandwa na hasira. Kwenye kisahani palikuwa na pete ya fedha yenye amethisti, lile jiwe la rangi ya zambarau, ambayo aliyeiagiza hakurudi kuichukua. Nikamrushia.

"Chukua!" nikamwambia. "Wagiriki wa kale walikuwa wakinywea vikombe vya jiwe hili ili wasilewe. Hata jina lake, kwa lugha yao, maana yake ni asiyelewa. Livae basi, labda litakuweza, maana sisi umetushinda!"

Ilikuwa kejeli tupu. Yeye akaiokota, akaivaa, na tangu siku ile hakugusa tena pombe.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilinyamaza. Mwaka ukapita, ikapita miwili. Kaka akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Akanenepa, akaota kitambi cha heshima, akaanza kulalamika kuhusu bei ya nyanya kama baba wa familia yeyote. Kiu ikimshika, anaizungusha ile pete kwa kidole gumba mpaka imwachie. Nimemwona mwenyewe kwenye harusi na misiba. Akiulizwa aliachaje, ananyoosha kidole: "Hili hapa. Muulizeni mdogo wangu, yeye ndiye mtaalamu." Na mtaalamu hapo anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Basi Jumanne moja, saa mbili asubuhi, alipomaliza kuwashusha watoto shuleni, akaingia hapa amekishika kidole chake kama amechomwa mwiba. Pete ilikuwa imembana, nyama imevimba juu na chini. Tulihangaika na sabuni, tukahangaika na mafuta, huku mimi nikimwambia apunguze maandazi na yeye akiniambia nipunguze maneno. Mwisho ikatoka.

"Unaipanua tu, si ndiyo?" akauliza.

"Naipanua tu."

"Nikae hapa nisubiri?"

"Ukae unipumulie shingoni? Nenda zako kanywe chai. Rudi saa nne."

Alifika mlangoni akageuka. "Mdogo wangu, tangu unipe hiyo pete sijawahi kuivua."

"Saa mbili tu, kaka. Nenda."

Kuipanua pete si kazi ya ajabu. Unaikata kwa nyuma kwa msumeno mwembamba, unaongeza kipande kidogo cha fedha, unalehemu kwa tochi ya gesi. Lakini kwanza unalitoa jiwe. Baba alikuwa akisema, anayechoma pete na jiwe lake ndani ni mpishi, si sonara. Sasa zile kingo zilizolishika jiwe zilikuwa zimelika kwa kusuguliwa na kidole gumba miaka yote hiyo, nikaogopa zitakatika nikizifungua. Kuna njia ya mkato. Unalifunga jiwe kwa kitambaa kilicholowa maji, unapiga moto upande wa pili, unamaliza kabla kitambaa hakijakauka. Nimefanya hivyo mara nyingi. Sharti ni moja, macho yako yasibanduke, kwa sababu fedha husafirisha moto upesi mno.

Tochi ilikuwa inawaka mkononi pale alipoingia mwalimu mmoja mstaafu, mama mtaratibu, mwavuli mkononi ingawa hapakuwa na mvua.

"Mwanangu, nataka jiwe la magoti," akasema.

"La magoti?"

"Jirani yangu amevaa akiki nyekundu, sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta."

Ningemwambia, karibu mwalimu, keti kidogo nimalize. Hayo tu. Lakini mimi na ujuaji wangu! Nikageuka mzimamzima kwenye kiti.

"Mwalimu, wewe uliyefundisha watoto sayansi, leo unakuja kuniambia..."

"Nilifundisha historia."

"Haya, historia! Basi historia ya mawe ni hii. Watu wa zamani hawakuwa na daktari. Walikuwa na jiwe zuri, haliozi, halikimbii, linaenea mfukoni. Wakalipangia kazi. Lekundu likapewa damu kwa kuwa damu ni nyekundu. La kijani likapewa macho kwa kuwa majani hupumzisha macho. La zambarau likapewa pombe kwa kuwa linafanana na divai. Ni hayo tu! Rangi na rangi! Sasa goti lako lina rangi gani?"

Mwalimu hakukasirika. Alinusa hewa. "Kuna kitu kinaungua," akasema.

Nikageuka. Kitambaa kilikuwa kimekauka, pembeni kimekuwa cheusi, na moto wangu ulikuwa bado pale pale nilipouacha. Nikazima tochi. Nikakifunua kitambaa kwa koleo. Jiwe lilikuwa jeupe kama maji. Nikajiambia likipoa rangi itarudi, huku nikijua fika haitarudi, maana fundi yeyote wa mawe anajua moto unachoifanya amethisti. Wengine huichoma makusudi wakaiuza kwa jina jingine. Nikakaa nikilitazama likipoa. Likawa njano, ile ya chai ya rangi iliyozidi maji.

"Limeharibika?" mwalimu akauliza.

"Limebadilika rangi."

"La nani?"

"La kaka yangu."

Akaliinamia lile jiwe. "Si umesema sasa hivi kuwa jiwe ni jiwe? Mbona basi hulitupi?"

Akaniambia pole, akasema ya magoti yake yanaweza kungoja, akaondoka na mwavuli wake. Nikampigia simu wifi.

Nilimweleza yote bila kujitetea. Upande wa pili nikasikia maji ya bomba yakifungwa.

"Una lingine kama lile?" akauliza.

"Ninalo. Linakaribia kuwa pacha wake."

"Liweke."

"Wifi..."

"Liweke, nakuomba. Umesahau? Umesahau nilivyokuwa naficha viatu vyake ili asitoke? Wanangu wamezoea kuwa na baba. Wewe liweke, na mimi nitanyamaza mpaka naingia kaburini."

Nikaliweka. Zile kingo nilizoziogopa zilifunguka bila shida yoyote, na hilo likanichoma kuliko mengine yote. Nilipachika jiwe jipya, nikasugua, nikang'arisha. Saa nne kasorobo pete ilikuwa nzuri kuliko ilivyoingia. Haki ya Mungu, hata baba angepita asingejua.

Kaka akaingia dakika hiyo hiyo, jasho linamtoka.

"Nimezunguka kwa njia ya sokoni," akasema. "Sikutaka kupita pale kona." Pale kona kuna baa, ile ile ya siku zote. Akanyoosha mkono juu ya benchi, vidole vimepanuliwa, kama mtoto anayengoja kukatwa kucha.

Nilikuwa nimeishika pete. Ilikuwa kiasi cha kuisukuma tu kwenye kidole na mambo yakaisha. Lakini nilipouona ule mkono, hofu ikanijaa. Mtu mzima ameyatundika maisha yake kwenye kijiwe ambacho mimi nilimrushia kwa hasira, na leo nataka kumtundikia kingine. Na siku kikimdondokea chooni? Siku mimi sipo? Atakuwa na nani?

"Kaka, kaa kwanza," nikasema.

Nikamwekea jiwe la njano kwenye kiganja. Nikamwambia nimeliunguza, na nilivyoliunguza nikibishana na mteja, na kwamba hilo lililo kwenye pete ni lingine. Nikamwambia wifi anajua, asimlaumu. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamalizia. "Na hata hilo la kwanza halikuwa dawa. Siku ile nilikuwa nakukejeli. Nilikuwa na hasira na wewe." Hapo nikaanza kulia, na mimi si mtu wa kulia kazini.

Kaka aligeuza lile jiwe kiganjani, akaligeuza tena.

"Najua ulikuwa unanikejeli," akasema. "Nilikuwa mlevi, sikuwa mjinga."

"Sasa mbona ulivaa?"

"Kwa sababu ulinirushia kitu. Wengine wote walikuwa wameshachoka hata kunirushia." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Baadaye ndiyo nikaanza kuliamini. Kuamini jiwe ni rahisi. Halichoki na wewe."

Nikajifuta uso kwa aproni. Nikaona upenyo, nikaurukia. "Lakini kaka, saa mbili hizi hukuwa na pete, na hukunywa! Huoni? Ni wewe mwenyewe!"

"Ah, usiniletee hiyo." Sauti yake ilikuwa ya upole, ila hakunitazama. "Sikuanzia sokoni. Nilianzia pale kona. Nilisimama mlangoni mpaka mhudumu akaniuliza nakunywa nini. Nikamwambia namsubiri mtu. Kama angeuliza mara ya pili, mdogo wangu, ningemtajia."

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti cha chuma sakafuni. Sikuwa na hadithi ya kumpa, wala ya Wagiriki wala ya baba, na nilikuwa naogopa.

"Saa sita nina watoto thelathini na wawili wa kuwarudisha nyumbani," akasema. Akaliweka jiwe la njano kwenye kisahani, akaiweka na pete kando yake. Kidole chake kilibaki kitupu, na pale pete ilipokaa ngozi ilikuwa nyeupe na laini. "Leo usiniache peke yangu."

Katika miaka yake yote ya ulevi, kaka alituomba hela, alituomba msamaha, alituomba mahali pa kulala. Hilo hakuwahi kuliomba. Nikavua aproni. Nikafunga gesi, nikafunga droo, nikafunga mlango mchana kweupe na hereni za bibi harusi zikiwa hazijamalizika, na bibi harusi shauri yake. Nikampigia wifi nikamwambia nimesema kila kitu. Alinitukana kwanza, kisha akauliza tuko wapi, kisha akasema tukimaliza twende moja kwa moja nyumbani, atakuwa mlangoni.

Saa sita nilikuwa nimekaa kiti cha mbele cha basi la shule, nyuma ya dereva, magoti yamenigusa kidevu kwa sababu viti vile ni vya watoto. Walipanda wakisukumana, wakanikodolea macho. Binti mmoja mwenye pengo akaketi karibu yangu, akanichunguza kuanzia viatu.

"Anko, huyu ni nani?" akamuuliza kaka.

Kaka alimtazama kwenye kioo. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Leo naogopa, nikamwomba aje."

Yule mtoto akafikiri kidogo, akaona ni jambo la kawaida, akaniambia nifunge mkanda.