Redio Iliyosubiri Kuamkiwa

Mwaka 1994 hapakuwa na redio ya gari, kuanzia Mpanda hadi Tunduma, iliyoweza kumshinda fundi Kasimiri. Hilo alilisema mwenyewe, na mlangoni mwa kibanda chake pale Mazwi alikuwa ameliandika kwa rangi ya mafuta: MABUBU WOTE WATASEMA. Jumatatu asubuhi Mzee Baltazari alimletea Landrova yenye redio kaseti isiyosema.

"Taa inawaka, lakini haitoi hata mkwaruzo," alisema Mzee Baltazari. "Jumapili nakwenda vijijini kununua mahindi. Nataka muziki."

"Kabla ya saa sita utakuwa unacheza, mzee wangu."

Saa sita ilifika, mzee hakucheza. Kasimiri alikuwa amekagua fyuzi, ilikuwa nzima. Alipima waya mwekundu, umeme ulikuwa unafika. Alikwangua kutu mahali waya wa ethi uliposhika bodi ya gari, akakaza skrubu. Aligusisha betri ya tochi kwenye waya za kila spika, na kila spika ilijibu "tap", maana yake ilikuwa hai. Jumanne alisafisha hedi ya kaseti kwa spiriti. Jumatano aliitoa redio yote, akalehemu upya kila kiungo, akabadilisha na antena. Redio iliwasha taa yake ya kijani, ikanyamaza kama mgeni aliyeachwa sebuleni. Justina, aliyeuza chapati jirani na kibanda, alimuuliza kama rangi ya mlangoni hutoka kwa petroli au ni mpaka tina.

Alhamisi alipita Evodia, mjane wa Vitus. Landrova ile ilikuwa ya chama cha ushirika cha kijijini kwao, na Vitus aliiendesha miaka kumi na mmoja hadi malaria ilipomuua. Soko huria lilipoingia ushirika ulifungwa, na gari likauzwa kwa Mzee Baltazari, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa ushirika. Muhtasari wa kikao cha kuliuza ulibandikwa kwenye mlango wa ghala. Chini yake kulikuwa na saini ya Vitus, shahidi kwa niaba ya wanachama.

Tangu siku hiyo kijiji kiliacha kumwamkia Evodia, mke wa mtu aliyeuza mali yao. Kwa Wafipa hilo si dogo. Mtu ukikutana naye unatua mzigo, unainama kidogo, unakunja viganja na kumpigia makofi taratibu. Evodia hakuwa amepigiwa makofi kwa miaka miwili. Watu walimpita kisimani kama wanavyopita mti.

Alipoliona gari alisogea upande wa dereva, akainama, akapiga makofi, kama alivyokuwa akimpokea mumewe siku zote.

"Nimepokea, Evodia," redio ilisema kwa sauti ya Vitus. "Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kwema. Wewe je?"

"Mimi tangu Jumatatu kijana huyu ananichokoa mbavu, na hata shikamoo hajatoa."

Kasimiri aliweka bisibisi chini. Alizaliwa mjini, kwake salamu ilikuwa mambo, na jibu lake poa. Alitoa shikamoo, akapiga makofi kwa viganja vilivyonyooka, vikalia kama vya uwanjani.

"Kunja viganja," redio ilisema. "Hapa hatujafunga goli."

Akakunja.

"Marahaba. Spika ya nyuma kulia ina vumbi."

Akaifungua. Ilikuwa na vumbi. Kwenye daftari lake la kazi akaandika: Hitilafu, ilikuwa haijaamkiwa.

"Baba," Evodia aliiuliza redio, "ile saini uliiweka wewe?"

"Niiweke lini? Nilikuwa nimeshakufa wiki mbili. Baltazari aliinakili kutoka kwenye leseni yangu, humu humu ndani ya gari, karatasi ameiweka juu ya usukani. Nilimwona. Tarehe akairudisha nyuma."

Justina alisema kwamba kwa mtu aliyekufa, huo ni udhuru wa kutosha.

Ijumaa Evodia aliyapeleka maneno hayo kwenye ofisi moja mjini. Karani alimjibu kwa upole kuwa malalamiko ya marehemu hupokelewa, ila marehemu aje mwenyewe na barua ya mtendaji. Evodia alirudi kibandani bila kuketi njiani.

"Basi hatuhitaji karatasi," alisema. "Keshokutwa gari hili linakuja kwetu kununua mahindi. Litasimama ghalani watu wakitoka misa. Nitapiga makofi mbele yao. Sauti ya Vitus wanaijua wote. Wewe mwanangu, kazi yako ni moja: isikike hadi kwa yule wa nyuma kabisa."

"Mama, itasikika hadi Kabwe."

Akafunga spika mbili kubwa milangoni. Evodia alikaa juu ya tofali akimshikia waya, na kila waya ulipounganishwa alipiga makofi, Vitus akajibu, wakasonga mbele.

Jumamosi Mzee Baltazari alifuata gari lake. Alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alimkuta mzee mmoja anapita, akamkunjia viganja na kumwamkia. Redio ikadhani ndiyo iliyoamkiwa.

"Nimepokea, Baltazari. Na ile kalamu uliyoandikia ilikuwa yangu. Irudishe nyumbani kwangu."

Mzee Baltazari alisikiliza mpaka mwisho. "Imepona," alisema. "Kazi nzuri, fundi. Ila sauti imezidi." Kisha akautazama ukuta wa duka lake, ambao kibanda cha Kasimiri kiliuegemea. "Kibanda chako kimekaa vizuri hapa kwangu. Ngoja nikanywe chai."

Alikunywa, akarudi, akaondoka na gari.

Jumapili Evodia alisimama ghalani mbele ya watu wote, akainama, akapiga makofi. Taa ya kijani iliwaka. Watu walingoja kwa heshima. Akapiga tena, na tena. Taa iliendelea kuwaka, na watu wakaenda kupimisha mahindi yao. Mpaka leo Mzee Baltazari analiendesha gari lile, na kila likipita Evodia hutua mzigo, akalipigia makofi. Hakuna mwingine anayefanya hivyo, wala hakuna anayempigia yeye. Kasimiri hana lawama. Barabara ile ina mashimo mno. Mtikisiko ulikata waya za spika.

Nilimsomea Justina hadithi hii akiwa anageuza chapati. Alisikiliza yote.

"Kasimiri," aliniuliza, "mbona unajiita yeye?"

Nikamwambia ndivyo wanavyoandika vitabuni.

"Haya. Lakini waya hazikukatwa na barabara. Mzee alipokuwa anakunywa chai nilikuona na koleo. Ulikata mbili za kulia. Ukaja hapa, ukala chapati, ukanisifia haina mafuta mengi. Ukarudi, ukakata mbili za kushoto."