Hesabu ya Mashati

Wazo la sare lilikuwa la Mkasi, mkataji wa karakana ya ushonaji, ambaye jina lile alipewa kwa kazi yake na kwa ulimi wake vilevile. Mafundi walipokubaliana kwenda wikiendi nzima kutembelea miji ya kale ya pwani, alikata mashati ya njano kwa wote, njano ya kuumiza macho.

"Dada, umetufanya vifaranga," alilalamika kaka yake, mpiga pasi.

"Wewe si kifaranga, ni jogoo lililonyonyoka. Vaa!"

Kwa hiyo kila walipotoka mahali, Mkasi alisimama mlangoni mwa basi akihesabu mashati. Nyuso za nini? Anazishiba mwaka mzima.

Siku ya pili walikatiza mashambani, na huko gurudumu likapasuka. Dereva alitoka chini ya basi kifua chote grisi. Mkasi alikuwa ng'ambo ya barabara akichagua machungwa, hakumwona kaka yake akivua shati.

"Chukua, mwanangu," mpiga pasi alimwambia dereva. "Mimi fulana inanitosha. Joto la pasi limenizoesha, lakini hili la leo limezidi."

Mchana wakafika kwenye magofu. Yalikuwa kwenye kisiwa kidogo, na watu walivuka kwa miguu juu ya mchanga, bahari ikiwa imetoka. Mlinzi alikaa huku bara, penye njia.

"Mkiona maji yanarudi, nanyi rudini," aliwaonya. "Pale katikati pana mkondo. Haumwonei mtu haya."

Mkasi alitangulia na wenye miguu myepesi. Kaka yake alibaki nyuma na magoti yake, na huko kisiwani akapata kivuli nyuma ya ukuta, usingizi ukamchukua. Maji yalipoanza kung'aa kwenye mchanga, wengine walirudi mbiombio wakicheka, viatu mkononi.

Mkasi akahesabu. Njano zote zimo. Kule nyuma ya basi mmoja alikuwa ameinama akipanga mizigo.

"Tumetimia! Twende!"

Akakaa kiti cha mbele, uso kawageuzia wenzake, akaanza kumchokoza fundi wa vifungo kwa kuogopa maji yasiyofika hata magotini. Basi zima likaangua kicheko. Walikuwa wameshaipita njia panda ya pili alipogeuka kumwomba dereva maji ya kunywa.

"Shati hilo umelipata wapi?"

"Kaka yako alinipa, tulipopata pancha."

Mkasi aliangalia viti, safari hii nyuso. Kisha akapiga kelele ambayo haikuwa na neno ndani yake.

Walirudi kwa kasi ya kuvunja basi. Palipokuwa na njia sasa palikuwa na bahari. Mlinzi alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, sauti imemkauka.

"Angekaa kule kule asingepata shida," alisema. "Aliamka, akaona basi linaondoka, akaingia. Nikampungia mikono, nikimwambia rudi, rudi! Alidhani namwita, mama. Akaongeza mwendo."

Wavuvi walimpata kabla jua halijazama, mahali mikoko inapoanza. Wakamlaza mchangani. Fundi wa vifungo alivua mtandio wake akamfunika, na mafundi wakasimama kando, njano tupu, hakuna aliyejua mikono aiweke wapi. Dereva alikuwa amekaa chini akilia, anahangaika kufungua vifungo vya lile shati.

Simu ya Mkasi ikaita. Mke wa kaka yake.

"Wifi, mpo wapi? Mpe simu huyo bwana wangu, yake haipatikani. Au amelala tena?"

Nyuma yake alisikika mtu akicheka, na maji yakimiminwa ndooni.

"Wifi," alisema Mkasi. "Kaa chini kwanza."

"Nikae nini, nina kazi. Mpe simu."

"Nilimwacha, wifi. Nilihesabu, nikamwacha."