Bureki ya Mwenye Kosa

Katika ofisi ile ya ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la samaki la mji wa Novi Sad, sheria zilizoandikwa hakuna aliyezifuata. Iliyofuatwa ilikuwa moja tu, na haikuandikwa popote: ukiharibu kazi ya wenzako, unaingia asubuhi na bureki, ule mkate wa tabaka nyembamba wenye nyama au jibini, ya kumtosha kila mtu, ya moto, pamoja na mtindi. Unaiweka kwenye meza ya kati, unasema ulichoharibu, watu wanakucheka mpaka wanashika mbavu, wanakula, basi yamekwisha. Hakuna anayelitaja tena kosa lako.

Olivera Pokrajac alikuwa amekula bureki za wenzake kwa miaka kumi na tisa. Yake hakuna aliyeijua hata harufu.

Kazi yao ilikuwa kompaila, yaani ile programu inayoyachukua maandishi ya wanaprogramu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Ndani yake kila kitu huchorwa kama ramani: visanduku vya amri, na mishale ya kuonyesha ukitoka hapa unakwenda wapi. Penye swali pana njia panda. Jibu likiwa ndiyo unafuata mshale huu, likiwa hapana unafuata ule. Olivera aliishi ndani ya ramani hizo. Alihamisha mishale, akaunganisha visanduku, akafuta visivyofikika, na mashine za watu zikaenda mbio bila wenyewe kujua zimeguswa na nani. Watu wa nje aliwaona mbumbumbu. Wa ndani aliwaona mbumbumbu waliosoma.

Kisha wakubwa wakamletea Relja awe mkuu wake.

Relja alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikaa Munich mitatu, akarudi na baiskeli ya kukunja na maneno makubwa. Alifanya kazi wima, kwa kuwa aliambiwa kukaa kunaua, na alikunywa maji yenye vipande vya tango. Wiki yake ya tano alichora ramani ya njia panda kwenye ukuta wa kioo, kwa kalamu za rangi tano, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuitazama, kichwa kakiinamisha upande.

"Shangazi Olivera, njoo uone maajabu."

"Kama ni tango, nimeshaliona."

Zorka, mpimaji wa kazi zao, aliyekaa meza ya jirani na Olivera tangu mwanzo, alicheka kwa puani.

"Sikiliza," Relja akasema, hakusikia tusi au alijitia hamnazo. "Kwenye njia panda zenye shughuli nyingi mashine inalazimika kuruka. Kuruka kunaichelewesha. Mimi nabadilisha mishale, wa kulia unakwenda kushoto, wa kushoto unakuja kulia, na swali lenyewe naligeuza kinyume chake. Njia inayopitwa sana inanyooka. Njia panda elfu nne zimeshanyooka, shangazi! Elfu nne!"

"Na zote umezitazama?"

"Programu yangu imezitazama."

"Ahaa. Basi tumpigie makofi mtazamaji."

Pale ofisini badiliko lolote halikuingia mpaka mwenzako alisome na kuandika kwamba amelikubali. Relja alimchagua Olivera, na kumchagua huko akakuona ni heshima anayompa.

"Ila usijichoshe," alimwambia, akimgusa bega. "Mantiki nimeshaipima. Wewe niangalizie nafasi na mpangilio wa mistari tu. Kwa mambo hayo una jicho zuri."

Mpangilio wa mistari! Nusu ya kompaila ile Olivera ndiye aliyeiandika, wakati mtoto huyu akiwa bado anahangaika na aljebra shuleni. Alimwangalia juu chini, akasonya, akarudi mezani kwake.

Alilisoma badiliko hilo Jumanne. Kahawa ya pili haijapoa, alikuwa ameshalikamata kosa.

Mteja wao mkubwa alitengeneza mashine za kuangulia mayai. Programu ya mashine hizo iliuliza swali lilelile mchana na usiku: joto liko chini ya thelathini na saba na nusu? Kama ndiyo, washa moto. Kama hapana, zima. Relja, katika kunyoosha kwake, aliligeuza: joto limefika thelathini na saba na nusu, au limepita? Kama ndiyo, zima. Kama hapana, washa. Mtu wa kawaida angeapa kwamba hayo ni mamoja. Lakini kipimajoto kikifa hakileti namba yoyote, na kitu kisicho namba hakiko chini ya kitu wala juu yake. Swali lolote la namna hiyo utakaloliuliza juu yake litajibiwa hapana. Kwa swali la zamani, hapana ilizima moto. Kwa swali la Relja, hapana iliuwasha, na ingeuacha ukiwaka mpaka mtu atokee.

"Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa pili," Olivera alijisemea, na furaha ikampanda mpaka masikioni.

Aliandika jaribio dogo la mistari minane, lenye kipimajoto kilichokufa, akaliendesha. Moto ukawaka, ukawaka, haukuzima. Akalihifadhi kwenye kompyuta yake. Ilimbakia kusimama, kwenda hatua kumi na mbili hadi kwenye ukuta wa rangi tano, na kusema, bwana mkubwa, hapa umekosea. Hatua kumi na mbili tu. Lakini Ijumaa mteja alikuwa anakuja, na Relja angesimama mbele ya wageni na kalamu zake. Olivera alijiona amekaa nyuma kabisa, ananyoosha mkono kwa upole, anaomba waliendeshe jaribio moja dogo. Aumbuke, alisema moyoni. Aumbuke hadharani, arudi Munich kwa baiskeli.

Mahali pa kukubali akaandika neno ambalo hakuwahi kumwandikia mtu ofisini humo: "Safi."

Zorka aliliona kwenye kioo cha kompyuta yake, akageuza kiti kizima.

"Oli, umeugua? Umeisoma kweli?"

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Kila mstari."

"Haya. Ukisema wewe imepita, mimi sihangaiki tena." Naye akaipitisha.

Kilemba cha ukoka kilimkaa Relja vizuri mno. Aliwaonyesha watu "Safi" ile kwenye simu yake, akampelekea hata mama yake. Na kwa furaha hiyo, Jumatano mchana, bila kungoja Ijumaa, akaituma programu mpya kwenye mashine ya majaribio, iliyokuwa kwa mfugaji mmoja karibu na mji wa Senta, mama mtu mzima aliyeitwa Piroska. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na mayai mia tisa ya bata bukini.

Olivera alisikia. Alikuwa anamenya chungwa, vidole vikasimama. Kisha akafikiri: kipimajoto hakifi kwa siku mbili. Mashine ile imekaa pale mwaka mzima na zaidi. Ijumaa ni keshokutwa. Akaendelea kumenya.

Ijumaa, saa nne asubuhi, wageni wawili wa mteja walikuwa wamekaa, na Relja anaeleza picha yake ya tatu ukutani, alipopigiwa simu. Alipoona ni Piroska alitabasamu, akaiweka sauti ya juu ili wageni wasikie sifa.

"Mama Piroska! Wageni wetu wako hapa, wanakusikia. Waambie, mashine inakwendaje?"

"Imepika, mwanangu."

"Imepika nini?"

"Mayai. Unataka iwe imepika nini, supu? Sikuiwekea nyama."

Mmoja wa wageni akaiweka kalamu chini.

"Panya amekata waya wa kipimajoto," sauti ya Piroska iliendelea, taratibu. "Mwaka jana pia aliukata, shetani huyo. Mashine ikajizima, nikayakuta yamepoa, nikaufunga waya, yakaanguliwa. Bukini hawasumbuki kwa baridi kidogo, hata mama yao huinuka akaenda kula akawaacha. Leo nimefungua mlango, mvuke ukanipiga usoni. Siku ya ishirini na saba, mwanangu. Jana jioni walikuwa wanagonga ndani ya maganda. Niliweka sikio, nikawasikia."

Relja aliishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitoto cha mwenzake.

"Mama, nakuja," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Akaenda kweli, kwa gari la Zorka, na Zorka akiwa usukani. Wageni walikusanya karatasi zao. Olivera alibaki kwenye kiti chake cha nyuma. Mkono aliokuwa ameupanga kuunyoosha ulikuwa mapajani, na moyoni mwake hamkuwa na furaha hata chembe.

Waliporudi alasiri, viatu vya Relja vilikuwa na udongo, na suruali yake nyeupe imechafuka magotini; walimsaidia Piroska kuchimba shimo la kufukia mayai. Akawaita wote. Olivera alimngojea aanze kujitetea, aseme panya, aseme waya, ili walau amdharau vizuri.

"Kosa ni langu," Relja akasema. "Niligeuza swali bila kufikiria kipimajoto kikifa. Nimeshaliondoa badiliko lote. Piroska nitamtafutia mayai mengine mwenyewe, hata nikiyabeba mapajani. Bureki Jumatatu naleta mimi." Akamgeukia Olivera, sauti ikalainika. "Na ninaomba asilaumiwe shangazi. Nilimpa mistari mingi mno. Macho yakichoka yamechoka. Naye ni binadamu, hakuliona kosa, basi."

Hakuliona! Na wote wakamtazama Olivera kwa huruma, kama anavyotazamwa bibi aliyesahau jiko linawaka.

Jumamosi na Jumapili Olivera hakutoka nyumbani. Mambo yalikuwa mawili, hakuna la tatu. Akinyamaza, atakuwa mzembe wa kawaida. Watacheka, watakula, Jumatano hakuna atakayekumbuka, na jaribio lake la mistari minane atalifuta kwa kidole kimoja. Akisema, watajua alikuwa ameona. Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Hata mwizi wa kuku angenyamaza. Lakini kila alipofumba macho alimwona zuzu yule wa tango akimhurumia yeye, Olivera Pokrajac, kwa upofu! Tusitafute majuto makubwa ndani ya mwanamke huyu. Kwa zile mia tisa alijuta, naam, na usingizi haukumjia sawasawa. Ila kilichomwamsha Jumatatu alfajiri na kumpanga foleni kwenye tanuri la mkate kilikuwa ni kiburi, kilekile cha siku zote.

Aliikuta bureki ya Relja imeshafunguliwa kwenye meza ya kati, ya nyama, watu wanakula na vicheko vya uchovu. Akaiweka yake kando, ya jibini, sinia zima.

"Shangazi, nilikwambia usihangaike," Relja alisema, mdomo umejaa.

"Mimi niliona," Olivera akasema.

"Uliona nini?"

"Kosa lako. Niliona Jumanne, kahawa ya pili." Akageuza kompyuta yake ili wote wasome jina la jaribio, kipimajoto kilichokufa, na tarehe yake. "Msinihurumie macho. Macho yangu ni mazima."

Walisoma. Waliacha kutafuna, mmoja baada ya mwingine.

"Jumanne," Relja akarudia. "Lakini Jumanne ndiyo uliniandikia safi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Olivera alitarajia kwamba akifika hapa litamtoka neno kali, la kumkata mtu vipande. Likatoka hili tu: "Ili uumbuke."

Relja hakukasirika. Laiti angekasirika! Alimtazama kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyegeuzwa kinyume chake.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningeondoa."

Zorka ndiye aliyeinuka. Miaka kumi na tisa alicheka kwa puani kila Olivera alipomchoma mtu.

"Nilikuuliza, Oli. Nikakuuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyeipitisha, kwa neno lako." Akafuta vidole vyake kwa karatasi, kimoja kimoja. "Ijumaa nilikuwa nayatoa yale mayai kwa koleo. Mengine yalikuwa yameshatoboka." Akarudi mezani kwake, akageuza kiti upande wa dirisha.

Watu walimaliza bureki ya Relja mpaka makombo. Sinia la Olivera hakuna aliyelifunua. Lilikaa pale, mvuke ukaisha, mafuta yakaganda kwenye karatasi.

Saa sita akaja Mara, mwanamke wa usafi, na ndoo yake. Sheria ya pale aliijua kuliko wengi, kwani fungu lake huwekwa siku zote. Akainua karatasi kidogo, akanusa.

"Ya jibini! Na nzima! Nani kakosea leo, niseme asante?"

Olivera alifungua mdomo, lakini Zorka alimtangulia, bila kugeuka kutoka dirishani.

"Hiyo ni ya Olivera," akasema. "Yeye hajakosea."

Mara aliwatazama usoni, mmoja mmoja. Kisha akaishusha karatasi polepole, akaifuta meza kuizunguka bureki, akachukua ndoo yake akaenda.