Ladha ya Uji wa Mbaruk

Harusi alikuwa akikunja shuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Kikambala alipoonja uji wa maziwa kinywani. Akaendelea kukunja. Mueni, aliyeshika upande wa pili wa shuka, akauliza, "Mtoto amekula?"

"Keshakula. Leo maziwa hayakuungua."

Degedege lilimwacha mwanawe Mbaruk hana shingo ya kukaza wala koo la kumeza. Kila kijiko kilimpalia. Mwaka wa themanini na sita daktari alimpasua, akamtia mpira wa kulishia tumboni. Chakula kikawa hakipiti tena kwenye ulimi wake, na ladha ikahamia kwa mama. Nesi alipoelezwa alisema wengine huwa hivyo, akamfundisha Harusi kuosha mpira.

Harusi alilala hotelini, akirudi Kilifi siku ya mapumziko tu. Mumewe Mahdi, ambaye hakuwa na kazi, ndiye aliyeapa mbele ya daktari kwamba mwanawe atamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Harusi alimwamini, akaagiza maziwa yaletwe nyumbani kila asubuhi.

Baada ya Idi alionja maji matupu. Kesho yake maji tena, yenye harufu ya mtungi.

Siku ya mapumziko alimnyanyua Mbaruk, akamwona mwepesi. Mahdi alikuwa akinywa chai, maziwa tele.

"Baba Mbaruk, humlishi mtoto."

"Mbona namlisha?"

"Nimeonja maji wiki nzima."

Mahdi hakubisha, habari za ulimi wa mkewe mtaa mzima ulizijua. "Sikiza, mama Mbaruk. Mtoto haonji. Maziwa na maji kwake ni mamoja."

"Haonji, lakini anakonda! Na uliapa, Mahdi. Nilikuwapo."

Ilimuuma kuliko siku ile mtoto alipoingizwa kupasuliwa. Alilia mpaka Mahdi akaona haya, akaweka kikombe chini na kusema atarekebisha. Harusi akarudi Kikambala, maana nyumba ile ilikula kwa kazi yake.

Adhuhuri ya kesho yake, shuka mkononi, kinywa chake kilijaa utamu. Alingoja maziwa yafuate. Hayakufuata.

"Leo nini?" akauliza Mueni.

"Maji ya sukari."

"Sukari tu?"

"Na iliki. Anajua naipenda."

"Huyo mume anakujali," akasema Mueni, akavuta ncha yake ya shuka.