Kikombe Kilichopoa cha Fundi Bomba

Fundi bomba mstaafu aliweka mkono kifuani mbele ya nesi wa hospitali akaapa kwamba anayosema ni kweli tupu, wala hajatia chumvi hata punje: tangu jiwe la figo limtoe machozi mwaka jana, anakunywa glasi nane za maji kila siku, na siku nyingine tisa, kwa uchu.

"Mungu anakuona," mkewe akasema.

"Ananiona nikinywa."

Nesi hakubishana. Alimpa kikombe cha plastiki, akamwonyesha choo. Safari nzima ilikuwa ndani ya kikombe hicho: binti yao anayeishi mbali amejifungua mjukuu wao wa kwanza, basi la kwenda kwake linaondoka Jumamosi, na mkewe alishasema vipimo visipokuwa safi mzee haondoki.

Chooni, mzee alitazama alichokitoa. Rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.

Ni kazi iliyomharibu. Miaka thelathini aliingia nyumba za watu, na choo pekee cha nyumba ndicho kile alichokuwa amekifungua vipande vipande. Angekwenda wapi? Akajifunza kutokunywa. Mwili ulizoea, figo hazikuzoea. Na ni yeye huyo aliyekuwa akiwahubiria wateja kwamba bomba lisilopitisha maji ya kutosha hushika ukoko.

Akafungua bomba la sinki. Kidogo tu. Kikombe kikang'aa mpaka akajisikia fahari.

Nesi alikipokea, akakizungushia kiganja.

"Babu, hiki umetoka nacho sasa hivi?"

"Moto moto."

"Hapo ndipo penye shida. Kimepoa. Ama umekufa tangu asubuhi, ama umetia maji."

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. "Miaka yote hiyo ya mabomba, mzee wangu, ukasahau kufungua la moto."

Mzee akakuna kisogo. "Glasi mbili kwa siku," akasema. "Na moja ni ya kumezea dawa."

Nesi alimweleza bila kumgombeza: mkojo ukiwa mzito, chumvi hukosa maji ya kuzisukuma nje, zikagandana, na jiwe la pili linaweza kumkuta njiani, mbali na hospitali. Anywe kidogo kidogo kutwa, si kwa mkupuo. Arudi baada ya wiki.

Jumamosi mkewe akapanda basi peke yake. Mzee alimbebea begi, kisha akasimama chini ya dirisha na chupa yake.

"Kunywa nikuone," mkewe akasema kutoka juu.

Akanywa.

"Meza."

Akameza. Basi lilipoondoka, alimgeukia muuza tiketi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya mabomba akamuuliza mtu choo kiko wapi.