Seli Iliyoachwa Peke Yake

Lorna Haugland ndiye aliyemfundisha Mireya Quintana kushika sindano ya kioo. Mireya alipofika mji wa Eugene kutoka Fresno, mikono ilimtetemeka, na kila kiinitete cha samaki alichokigusa kilipasuka. Lorna alikaa naye kwenye hadubini majuma mazima, mvua ikigonga madirisha ya maabara, akimwambia, "Usikikabe. Kisogeze tu, kama unamwamsha mtoto." Wakawa pete na kidole. Jumamosi walikwenda sokoni pamoja, na Lorna alipooka pai ya matunda, kipande cha kwanza kilikuwa cha Mireya.

Kazi ya maabara ile ilikuwa kuchunguza saa iliyomo ndani ya seli. Samaki wao walikuwa wadogo, wenye milia, na mayai yao maangavu, hivyo uliweza kumwona kiumbe akijengeka ndani. Mkiani mwake mna seli changa, na ndani ya kila seli jeni fulani huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika. Kila pigo hukata pingili moja ya mgongo. Zamu ya seli ikifika, mapigo hupungua kasi, hukoma, na seli hugeuka msuli. Ndivyo ilivyo kwa samaki, kwa kuku, na kwa mtu tumboni mwa mamaye. Jeni hiyo walikuwa wameiunganisha na rangi ya kung'aa, kwa hiyo mapigo yalionekana kama vimulimuli.

Swali lilikuwa moja: nani huiambia seli kwamba muda wake umefika? Lorna alisema ni majirani. Seli hupashana habari, alisema, na iliyo peke yake haijui lolote. Jina lake lote lilisimama juu ya hoja hiyo.

Siku moja Mireya akamuuliza, "Hivi tukiichomoa moja tukaiweka peke yake, itafanyaje?"

"Itakufa, shoga. Usipoteze samaki."

Haikufa. Ilikaa peke yake kwenye kisahani, ikawaka na kuzimika, ikapunguza kasi, ikakoma, ikaanza kuwa msuli, karibu wakati uleule ambao dada zake walikoma ndani ya samaki. Profesa Alden Ruthven, mkuu wa maabara, aliitazama ile filamu akairudia, kisha akamshika Mireya bega. Katika miaka yote Lorna hakuwahi kushikwa bega.

"Mkutano wa Vancouver," Ruthven alisema, "nadhani mwaka huu azungumze Mireya. Lorna, wewe huna neno, au sio?"

"Sina neno," Lorna alijibu.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Mireya kilimchoma. Kicheko chake kilimchoma. Mikono yake iliyotulia, mikono aliyoitengeneza yeye Lorna, ilimchoma kuliko vyote. Akiwa anaendesha gari kurudi nyumbani alijikuta akisema peke yake, "Swali lenyewe la kitoto." Na lililomuuma zaidi ni kwamba swali la kitoto lilikuwa limemkalia mbele ya macho miaka yote, na yeye hakuliuliza.

Kwenye kikao cha maabara, Mireya alipomaliza kuonyesha filamu zake, Lorna akasema taratibu, "Mimi nina wasiwasi. Hizo seli hazikuwa moja moja. Nimeona kisahani chenye seli mbili zimegandana."

Kweli alikiona, kimoja, na alijua Mireya alishakitupa wala hakukihesabu.

"Kile nilikitoa, Lorna. Si nilikwambia mwenyewe?"

"Labda. Ila wengine watauliza."

Ruthven alikuna kidevu. "Basi rudia yote kwanza. Vancouver atakwenda Lorna."

Mireya alikusanya vitu vyake akatoka, na Jumamosi ile hakwenda sokoni.

Huko Vancouver, Lorna alizungumza vizuri juu ya majirani. Mwishoni mama mmoja mwenye mvi alisimama nyuma ya ukumbi. "Kuna aliyewahi kujaribu seli moja, peke yake kabisa?"

Lorna alikishika kipaza sauti. Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. "Yupo," alisema. "Mireya Quintana, kwetu Eugene. Seli inajua muda wake yenyewe."

Ukumbi ukavuma. Hakuna aliyemuuliza tena habari za majirani. Kwenye chakula watu walimzunguka wakitaka kujua Mireya ni nani, kisahani kina maji gani. Alikula samoni wake bila kusikia ladha.

Aliporudi alimwendea Mireya akamweleza yote, akitarajia walau shukrani. Mireya aliweka sindano chini.

"Umeuambia ukumbi mzima? Kabla sijamaliza kurudia? Sasa kila mtu mwenye samaki anafanya kazi yangu."

"Nilidhani nakutendea haki."

"Kwanza umenizuia nisiseme, halafu ukanisemea. Unanionea wivu, Lorna, sema tu."

"Nakuonea," Lorna alisema. "Hata hapa ulipokaa, nakuonea."

Lorna akavuta kiti. "Peke yako utachelewa, watakupita. Nipe nusu ya seli. Nikiona zimegandana nitakwambia wewe mwenyewe, si kikaoni."

"Pai usilete," Mireya alisema. "Kaa hapo."

Walifanya kazi mchana baada ya mchana, maneno machache. Kila Lorna alipoweka seli kwenye kisahani, roho yake iliomba ichelewe, ikosee, ife. Nyingine zilikosea kidogo, zikawahi au zikakawia kuliko dada zao.

"Hapo ndipo majirani wanapoingia," Lorna alisema. "Wanazisahihisha."

"Hapo nakupa," Mireya alijibu bila kuinua kichwa. "Hapo tu."

Lakini muda wenyewe seli ilikuwa nao. Alasiri moja Lorna alikuwa akiiangalia moja, safi, haina mwenzake karibu. Iliwaka, ikafifia, ikawaka kwa uvivu, ikakoma pale pale Mireya alipotabiri. Alikaa nayo kidogo, chozi la hasira likimtoka, akalifuta kwa mkono wa koti.

"Mireya," aliita. "Njoo uone hii. Imetoka vizuri kuliko zako."