Mlango wa Klabu ya Abergarw

Elfed Prosser alipoivalia Wales fulana nyekundu kwa mara ya kwanza, akiwa winga wa raga ya watu kumi na tano, bonde zima la kwao Abergarw lilihamia jiji la Cardiff kumwona. Haukupita muda baba yake, mchimba makaa, akabanwa na kifua cha vumbi la mgodini, mshahara ukakatika. Wageni kutoka kaskazini mwa Uingereza wakaja, wakaketi sebuleni kwa mama yake, wakamtaka Elfed akacheze kwao raga ya watu kumi na watatu, ile ya kulipwa. Elfed akakubali. Sheria ya siku zile aliijua: aliyecheza kwa malipo hakupokewa tena kwenye raga ya ridhaa, ile ya watu kumi na tano isiyo na malipo, hata mlangoni.

Huko alifunga sana, akapendwa. Akaichezea Wales tena, safari hii kwa raga hiyo mpya, ugenini Ufaransa. Wimbo wa taifa ulipopigwa aliwatupia jicho wenzake. Karibu wote walikuwa vijana wa mabondeni waliohama kama yeye, na waliuimba wameinamisha macho, kama watu waliofiwa.

Goti lilipomshinda akarudi nyumbani. Jumamosi ya kwanza, mvua ikinyunya, alivaa koti lake zuri akashuka kwenye klabu yake ya zamani. Mlangoni alisimama katibu, Ivor Beynon, aliyekuwa akimpasia mpira tangu shuleni.

"Elfed! Bado unatembea kama bata, we!"

"Na wewe tumbo limekutangulia. Nipishe, bwana, nina kiu."

Ivor hakusogea. Kicheko kilimfia mdomoni. "Siwezi, ndugu yangu. Wakubwa wa chama cha raga wakisikia umeingia, watatufungia klabu nzima."

"Bia moja tu, Ivor."

"Usinifanye niseme mara mbili. Nakuomba."

Elfed akapanda kilimani nyuma ya uwanja, akasimama kwenye majani yaliyolowa. Mchezo ulikuwa umeshapamba moto alipomsikia mtu akihema nyuma yake. Ivor alikuwa amebeba vikombe viwili vya chai, nusu imemwagikia mikono yake.

"Na mlango?"

"Ujilinde wenyewe."

Chini, winga kijana aliuachia mpira ukamponyoka. "Ukumbatie, we mjinga!" Elfed akafoka. Watazamaji waligeuka, sauti ile waliijua. Hakuna aliyepunga mkono, ila mzee mmoja alivua kofia, akaishika kifuani kidogo, kisha akaivaa.

Ikawa hivyo kila Jumamosi, Elfed na Ivor kilimani na chai yao, miaka nenda miaka rudi, mpaka nywele zao zikawa nyeupe.

Sheria ilipofutwa hatimaye, Ivor alikuwa ameshazikwa. Klabu ikamwalika Elfed. Aliingia na fimbo yake, watu wakasimama kumpigia makofi, wakamtilia bia. Akatazama sura moja baada ya nyingine, zote ngeni.

"Ivor alikuwa anakaa wapi humu?" akauliza.

Wakamwonyesha kiti kando ya dirisha. Akavuta kingine, akakaa karibu nacho.